Julai au Desemba: likizo yako ya Dar uiweke mwezi upi?

Kila mwaka ikifika Mei, ndugu wa mikoani na wale walioko ughaibuni huanza kuuliza: nije Dar lini, mwezi wa saba au mwezi wa kumi na mbili? Wengi wana likizo moja tu kwa mwaka, nauli ni pesa ya kujichanga, na hakuna anayetaka kufika akute amekosea msimu.

Jibu langu la haraka: ukija kwa ajili ya jiji, njoo Julai. Ukija kwa ajili ya watu, njoo Desemba, lakini kabla hujakata tiketi uwaulize hao watu kama watakuwepo. Hilo la pili ndilo linalowaponza wengi, na nitalirudia kwa kirefu.

Majina ya miezi yenyewe tuliachiwa na Warumi. Julai ni heshima ya Julius Caesar, ilipewa mwaka 44 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo ulikuwa unaitwa kwa namba, mwezi wa tano. Desemba ulikuwa wa kumi, ukasukumwa hadi wa 12, na namba yake ya kumi ukaendelea kuibeba. Dar hakuna anayehangaika na hayo. Huku mwezi wa saba ni Saba Saba, mwezi wa kumi na mbili ni safari ya kwenda kwetu.

Kipupwe na joto

Julai ni kipupwe. Usiku joto linashuka hadi nyuzi 19 au 20, mchana halivuki sana 29, na mvua ikija ni manyunyu ya dakika chache. Alfajiri pale Kimara utamwona bodaboda amevaa jaketi la baridi, kofia ya sufu na glavu juu, na mgeni wa kutoka Makete akimtazama kwa huruma. Ni mwezi wa kulala bila feni. Ni mwezi pia wa kutembea kwa miguu kutoka Posta hadi Kivukoni ukafika ukiwa bado nadhifu.

Desemba ni kinyume chake. Mchana nyuzi 31, 32, usiku 24 au 25, na unyevunyevu wa bahari juu yake. Shati linaganda mgongoni kabla hujafika kituoni. Vuli nazo hazijaisha, kwa sababu mvua zake huanza Oktoba na kuvuta hadi Desemba, na mwaka zikiamua, zinaamua kweli. Tarehe 20 Desemba 2011 zilianza kunyesha mvua zilizojaza bonde la Msimbazi, watu wakafa, nyumba za Jangwani na Kigogo zikazama hadi paa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Hadi leo mvua kubwa ikipiga, Barabara ya Morogoro pale Jangwani ndiyo ya kwanza kufungwa, na anayekaa Magomeni mwenye shughuli Kariakoo analazimika kuzunguka. Ukija Desemba, usipange mambo mawili ya lazima kwa siku moja katika pande mbili za bonde hilo.

Kwa hali ya hewa peke yake Julai inashinda, sina haja ya kubembeleza mtu.

Bahari ndiyo inayoharibu hesabu. Julai ni msimu wa kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki, na bahari kati ya Dar na Unguja huchafuka. Anayetapika kwenye basi atapata tabu kwenye boti. Wenyeji hatujasahau tarehe 18 Julai 2012, meli ya Mv Skagit ilipotoka Dar ikazama karibu na Chumbe katika hali mbaya ya hewa. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mawimbi makubwa. Ukiisikia, ahirisha safari, Unguja haihami. Desemba ni kaskazi, ule upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na mara nyingi maji hutulia kuliko Julai. Kwa hiyo mtu anayetaka kuogelea Kigamboni au kuvuka kwenda Zanzibar na watoto wadogo, Desemba ina faida yake. Samaki nao hufuata mkumbo huo: kusi ikivuma sana wavuvi wadogo hawatoki, na pale soko la samaki la Feri bei inapanda kabla jua halijapanda.

Matunda nitayapitia haraka. Julai ni machungwa na machenza ya Muheza, yamejaa kwenye matoroli, unamenyewa hapo hapo. Desemba ni embe dodo, embe bolibo, nanasi na shokishoki. Kwa mpenda embe hakuna mjadala.

Saba Saba

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, chini ya Mwalimu Nyerere, na siku hiyo ikabaki kwenye kalenda kama sikukuu ya taifa. Mwaka 2021 UNESCO ikaichagua tarehe hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza 2022. Lakini ukimwambia mtu wa Temeke "Saba Saba", hafikirii TANU wala UNESCO. Anafikiria maonyesho.

Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam hufanyika katika viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Kilwa, na kwa kawaida huanza 28 Juni na kumalizika 13 Julai. Ya mwaka 2025 yalikuwa ya 49. Asiyewahi kwenda hudhani ni mkutano wa wafanyabiashara waliovaa suti. Wapo, lakini ni wachache. Saba Saba ni familia nzima na mjomba wake: mama ameshika mtoto mmoja mkono, mwingine mgongoni, baba ana mfuko wa ndoo mpya zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, na binti amebeba zulia lililoviringishwa ambalo linamgonga kila anayepita. Spika za kila banda zinashindana. Kila baada ya muda mfupi kipaza sauti kinatangaza mtoto aliyepotea, amevaa fulana ya rangi gani, mzazi aende kumchukua.

Uende wapi ukifika? Banda la Magereza kwanza, kama una shida ya fanicha. Vitanda na makabati yao ni ya mbao ngumu, na watu wanaweka oda huko mapema kabisa. JKT wana mazao na bidhaa zao. Kwa VETA, wale wa vyuo vya ufundi, utaona vijana wameunda mashine kwa mikono yao na wanaweza kukueleza inavyofanya kazi, jambo ambalo muuzaji wa dukani hawezi. Kwenye mabanda ya wageni kuna vyombo, mapazia, manukato, taa; bei ya kwanza unayotajiwa ni ya kuanzia mazungumzo, na siku mbili za mwisho wengi hawataki kurudi na mzigo kwao. Hapo ndipo wanawake wa Mbagala wanapoingia kazini.

Kitu ambacho wageni wa mikoani hawakijui ni ofisi za serikali. Saba Saba taasisi nyingi huhamishia huduma uwanjani: usajili wa biashara, vyeti vya kuzaliwa, mambo ya ardhi, kodi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imekuwa ikipima watu moyo pale pale. Jambo lililokuzungusha wilayani kwako miezi, unaweza kulipatia jibu ukiwa umeshika kikombe cha aisikrimu. Sisemi itakuwa hivyo kila mara. Nasema nenda na nyaraka zako.

Tahadhari moja: usiende tarehe 7 yenyewe. Siku ya sikukuu kila mtu yupo, Barabara ya Kilwa inasimama, na utakachokiona zaidi ni visogo vya watu. Nenda siku ya kazi, asubuhi, wiki ya kwanza ya Julai. Njia ya mwendokasi ya Mbagala inapita barabara hiyo hiyo, kwa hiyo gari lako liache nyumbani.

Na kama bahari imetulia mwishoni mwa Julai, kuna jambo la kuvuka kwalo. Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa asili ya Kishirazi. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishe hapo, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba mashairi yenye mafumbo makali kwa waume zao. Kwa desturi yao, nyumba isiyo na mgeni siku hiyo ina upungufu. Huhitaji kumjua mtu, utakula.

Tisa Desemba

Desemba ina sikukuu kubwa kuliko Julai kwa historia, ila kwa mtalii wa mitaani ina uhakika mdogo. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilishushwa katika Uwanja wa Taifa, ule tunaouita Uwanja wa Uhuru, Temeke, na Luteni Alexander Nyirenda akawasha mwenge juu ya Kilimanjaro. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, Tanganyika ikawa jamhuri. Hizo ni picha ambazo kila mwanafunzi wa darasa la tano anazijua.

Tatizo ni kwamba huwezi kusafiri kutoka Tabora kwa kutegemea gwaride. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe, akatangaza siku ya usafi, na yeye mwenyewe akatoka Ikulu kwenda kuokota taka eneo la Feri. Mwaka 2022 Rais Samia alielekeza fedha za sherehe zijenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sina ugomvi na uamuzi wowote kati ya hiyo, mabweni ni bora kuliko mahema ya wageni waalikwa. Ila mtu anayelinganisha miezi lazima ajue: Saba Saba ipo, Tisa Desemba hutegemea.

Jiji linapohama

Sasa lile la watu.

Kuanzia kama tarehe 15 Desemba Dar inaanza kumwagika. Shule zimefungwa, kwa sababu mwaka wa masomo huishia mwanzoni mwa Desemba, na Kariakoo inafurika: nguo za watoto za Krismasi, viatu, mchele wa kubeba, mashuka ya kumpelekea bibi. Ikifika tarehe 20 hekaheka zinahamia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Fika pale saa kumi alfajiri wiki hiyo uone. Mabasi ya Moshi na Arusha yamepangana, mizigo inapandishwa, wapiga debe wanakuita kaka, mjomba, mangi, kwa kufuata sura yako. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, hulazimika kutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, na pamoja na nauli elekezi kubandikwa, kuna mtu pembeni atakuambia gari limejaa, ila yeye ana nafasi moja, kwa bei yake. Kata tiketi mtandaoni mapema umwepuke. Treni ya zamani ya Moshi, iliyorudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi, ni ya polepole lakini ina raha yake kwa mwenye watoto.

Wachaga ndio wanaobeba utani wote, kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Wenyewe wanacheka na wanakwenda. Na huko kuna mambo: ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, mbege, pombe ya ndizi, kwenye kata, kisusio, yaani supu ya damu ya mbuzi, vikao vya ukoo vya kumaliza ugomvi wa mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, nyumba mpya kubarikiwa, binti kutambulishwa. Mtu aliyejenga nyumba kubwa Kibosho na kuishi chumba na sebule Sinza, mwezi huo ndio anaishi kwake. Lakini si wao peke yao. Wapare, Wahaya, Wanyakyusa, Wangoni, kila mwenye shamba la babu anaelekea huko.

Kwa hiyo mgeni anayekuja Dar tarehe 23 Desemba kumsalimia shangazi yake wa Kimara aliyeolewa Marangu, anapishana naye Chalinze. Nimeyaona haya yakitokea kwa watu wenye akili zao timamu. Walisema "Krismasi tupo wote", kila upande ukaelewa mahali pake.

Wanaobaki Dar ni Wazaramo wenyewe, watu wa pwani kwa jumla, na sisi tuliochelewa tiketi. Na hapa lazima niisifie Desemba, maana kati ya tarehe 24 na tarehe 2 Januari jiji hili linakuwa kitu kingine. Foleni zimekwisha. Unatoka Mbezi hadi Posta bila kusimama Ubungo, ukajiuliza kama kuna amri ya kutotoka nje imetangazwa na hukuisikia. Usiku wa Krismasi unaweza kuingia Azania Front au Mtakatifu Yosefu, makanisa mawili ya enzi ya Wajerumani pale ukingoni mwa bandari, ukasikiliza kwaya na bado ukapata pa kukaa ukifika mapema. Siku ya pili yake Coco Beach imejaa watoto waliovaa nguo mpya zilizolowa maji ya chumvi, mihogo ya kukaanga, mishikaki, muziki. Mkesha wa mwaka mpya fataki. Kero yake ni kwamba fundi wako, kinyozi wako na mama ntilie wako wote wameondoka, na gereji nyingi zimefungwa. Gari likikuharibikia tarehe 27, litalala hapo.

Julai ni kinyume: kila mtu yupo kazini, foleni ni zile zile za Mwenge na Tazara, na ndugu zako utawaona jioni au Jumapili. Watoto nao wako shule, kwa sababu likizo yao ni Juni, na wa kidato cha tano ndio kwanza wanaripoti. Mwenyeji wako atakupenda, ila atakuachia funguo asubuhi na kukuambia chai ipo kwenye chupa.

Mfuko

Julai mwaka wa fedha wa serikali unaanza. Nyongeza za mishahara zinazoahidiwa Mei Mosi huanza kulipwa hapo. Mwaka 2025, kwa mfano, kima cha chini cha watumishi wa umma kilitoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Kodi na tozo mpya nazo huanza mwezi huo huo, na waliotuma pesa kwa simu kuanzia tarehe 15 Julai 2021 hawahitaji kukumbushwa. Kwa jumla, mwenyeji wa Julai ana matumaini.

Mwenyeji wa Desemba ana pesa, lakini pesa hiyo tayari ina wenyewe. Kuna nauli ya familia nzima, nguo, zawadi, kadi za michango ya harusi, maana kamati za Desemba ni nyingi na kila moja ina kundi lake la WhatsApp na mweka hazina asiyechoka. Nyuma yake Januari imekaa na ada, sare, daftari na kodi ya nyumba ya miezi sita. Ukija Desemba usije mikono mitupu, na usikae hadi tarehe 10 Januari ukitegemea sufuria ya mwenyeji. Mgeni wa Januari hupewa chai ya rangi na hadithi ndefu.

Kwa mpenda mpira: Julai hakuna ligi, ni tetesi za usajili tu kwenye kila kijiwe, nani anakwenda Yanga na nani anasajiliwa Simba. Desemba ligi inachezwa, na Uwanja wa Mkapa una maisha.

Ukishaamua

Anayekuja mara ya kwanza, mwenye shughuli za ofisini, anayetafuta bidhaa au mashine, asiyevumilia joto: njoo kati ya tarehe 1 na 12 Julai. Ukitokea Dodoma au Morogoro, treni ya SGR iliyoanza 2024 imeondoa kisingizio cha umbali. Dodoma ni kama saa nne.

Anayekuja na watoto, anayetaka bahari na embe, au anayetoka nje ya nchi akitaka kuona ukoo: Desemba, lakini igawe. Fika mapema, tarehe 5 au 6, uwakute watu kabla hawajasafiri, kisha panda nao basi kwenda huko kwao. Hiyo ndiyo Desemba ya kweli ya mtu wa Dar, na inaanzia Mbezi Luis.

Kwa ndugu Waislamu na wote wanaokaribishwa futari, ongeza hesabu ya mwezi mwandamo, ambayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Saba Saba ya 2014 na ya 2015 zilianguka ndani ya Ramadhani, na viwanjani mchana vibanda vya chakula havikuwa na msongamano wa kawaida. Zamu ya Desemba inakuja: mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine ikianza karibu tarehe 26 Desemba, kisha Krismasi ya 2031 na ya 2032 zote zitakuwa ndani ya mfungo. Anayepanga harusi ya Desemba kwa miaka hiyo aanze kuongea na kamati mapema, au aihamishie Julai, ambako kumbi hupatikana na suti haimchomi bwana harusi.